Glasi Ambayo Bibi Hakuiacha Ikauke

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nifupishe. Mimi ni Rindala. Nimesomea utengenezaji wa divai, na tangu Krismasi nimepoteza kazi, nimerudisha pete ya uchumba, na nimemwona baba yangu akianguka kutoka juu ya pipa na kuvunjika mkono. Mlio nami tangu mwanzo mnakumbuka nilipoishia juma lililopita: trekta limeegeshwa kando ya mizabibu yetu, na dereva wake amelala nyumbani kwetu.

Ndiyo, kwetu. Alifika Jumamosi jioni mvua ikinyesha, na bibi yangu hawezi kumwacha mtu nje, hata mtu aliyekuja kung'oa mizabibu iliyopandwa na marehemu mumewe. Alimpa supu ya dengu na blanketi la sufu.

"Dib," alimwambia dereva huyo, "ukisikia baridi gonga ukuta."

Shamba ni la watu wawili, baba yangu na kaka yake, Ami Nassif. Ami ana mkahawa kando ya mto, pale mjini Zahle, na amechoshwa na mizabibu mikongwe. Anataka kupanda viazi. Nilimsihi mpaka nikakosa maneno, na mimi maneno sina mengi. Mwishowe akakata shauri hivi:

"Jumapili nakuja kula kwenu. Nitaleta divai nyekundu tatu za bei nafuu, zile ninazoweza kuziweka kwenye meza zangu bila wateja kunikimbia. Weka na yenu. Zifunike zote. Nikiichagua yenu bila kujua, mizabibu inabaki, na divai yenu nitaiuza mimi kuanzia Pasaka. Nisipoichagua, Jumatatu trekta linaingia. Na usinililie tena, mama."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani Jumapili hiyo. Mengine yote yalikuwa chakula.

*

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya nyama kabla ya Kwaresima, ambayo kwetu huanza Jumatatu, na siku hiyo hakuna anayekula kidogo.

Asubuhi, baada ya misa, nilizitia chupa nne ndani ya mifuko ya karatasi ya duka la mikate, nikaifunga shingoni kwa uzi na kuiandika namba. Yetu niliipa namba tatu.

Niliposhika ile ya kwanza, nilisoma lebo mara mbili. Ilikuwa divai ya kina Youakim. Nyumba ya Fares, aliyekuwa mchumba wangu.

Ami hakuinunua kwa ubaya. Ni divai nzuri, nzito, na kila duka la bondeni linayo. Kusema kweli ndiyo aliyokuwa akiitaka hata kabla ya mashindano haya.

Wasomaji wengi mmeniandikia mkikisia kwamba nilimwacha Fares kwa sababu ya mwanamke mwingine. Hapana. Baba yake alisema mezani, mbele yangu, kwamba mizabibu yetu ni magugu, na kwamba nikishaolewa nitausahau upuuzi huo. Fares akaangalia sahani yake. Ni hivyo tu. Aliangalia sahani yake, na mimi nikarudi nyumbani na kuivua pete.

Nilifunga mfuko wa kwanza kwa mafundo mawili.

*

Ami Nassif aliingia na chupa ya araki, ile pombe kali ya anisi, kwapani.

"Ami, tafadhali," nilisema, "leo araki iwe mwisho."

"Unasema?"

Sauti yangu hunitoka kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka. Baba akanisaidia. "Anasema araki iwe mwisho."

"Nyama mbichi bila araki? Ghattas, huyu mwanao amesoma mpaka amekuwa Mfaransa?"

"Ile harufu ya anisi inaua ulimi, Ami. Hutaonja kitu."

"Mimi wangu ulishakufa zamani," alisema Dib, yule dereva, akisogeza glasi yake. "Nimiminie tu."

Ami alinitazama kwa muda. Kisha akaiweka araki chini ya kiti chake.

"Ikae hapa nilipo. Nikiimba, ujue nimeshindwa kuvumilia."

Tulianza na nyama mbichi ya kondoo, iliyotwangwa na ngano, juu yake mafuta ya zeituni na majani ya mnanaa. Baba alimimina kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Kila mtu alikuwa na glasi moja tu; ukimaliza divai moja, unaisuza kwa maji na kwenda nyingine. Niliona ni mpango mzuri. Chuoni tulifanya vivyo hivyo.

Namba moja. Ami alikunja uso. "Inakausha. Kama nimelamba mbao."

Namba mbili. Aliinywa na kuku wa rojo la kitunguu saumu, kisha akashika shavu. "Hii na kitunguu saumu wanapigana mdomoni mwangu, na anayeumia ni mimi."

Namba nne. "Jamu ya tini. Leteni mkate nipake."

Dib alicheka mpaka akapaliwa. Yeye alizipenda zote.

Mwisho kabisa, namba tatu. Niliisukuma sahani yangu kando. Ami alichota nyama kwa kipande cha mkate, akatafuna, akanywa, akatafuna tena.

"Nyepesi," alisema. "Inapita vizuri. Haimsumbui mtu."

Baba alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Laiti tungeishia hapo. Lakini Ami Nassif hauzi nyama mbichi tu pale mkahawani. Anauza mishikaki, na makaa yalikuwa tayari uani.

Mshikaki wa kwanza ulipofika, mafuta bado yakichemka juu yake, alirudia namba moja.

"Ahaa!" Aligonga meza. "Hapa imesimama. Hii inajua nyama ni nini."

Akasuza glasi, akarudi kwa namba tatu. Alikunywa. Akaangalia ndani ya glasi kama mtu aliyedondosha kitu kisimani.

"Imekwenda wapi?"

Akaitikisa glasi.

"Ghattas, umenimiminia kweli? Au nimekunywa maji ya komamanga?"

Baba aliondoa mguu wake juu ya wangu. Alijua ni yetu. Rangi yake anaijua hata gizani.

Sikulia, nilikuwa nimeahidi. Kupitia dirishani niliona trekta, jekundu, limeoshwa na mvua, na nyuma yake mizabibu mifupi imejikunja kama wazee wanaoota moto. Nikaanza kuiaga moyoni, mstari kwa mstari.

*

Hapo Dib akapiga kelele uani. "Baba Tanios! Mafuta yameshika moto!"

Baba Tanios ndiye Ami. Tanios ni mwanawe mkubwa. Aliruka na kutoka mbio, kwa maana hakuna mtu duniani anayejua kuchoma nyama isipokuwa yeye. Baba akamfuata na jagi la maji. Ami akamfokea: "Maji kwenye makaa? Unataka kutuua?"

Glasi ya Ami ilibaki mezani, divai yetu ikiwa nusu.

Bibi yangu alitoka jikoni na sahani ya figili. Akaiona ile glasi.

Lazima niwaeleze bibi yangu. Kwake yeye, mgeni kurudi kwenye glasi isiyojaa ni aibu ambayo itasimuliwa mpaka mazishini. Hamimini kwa kufikiri. Mkono wake unamimina wenyewe, kama jicho linavyopepesa. Alinyoosha mkono, akashika mfuko uliokuwa karibu, akaijaza glasi mpaka juu.

Mfuko aliokuwa ameushika ulikuwa namba moja.

"Bibi," nilinong'ona.

Masikio yake ni mazito, na kunong'ona kwangu kunajulikana. Alinipapasa shavu. "Unizike wewe, roho yangu," akasema, kama anavyosema anaponipenda sana. "Kula, umekuwa mwembamba." Akarudi jikoni.

Ningeweza kuimwaga ile glasi. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilikaa nikiitazama, nikiwaza kwamba mtu aliyekwisha kushindwa hana la kuharibu.

Ami alirudi akinuka moshi. Alikaa, akauma mshikaki, akanywa.

Akaacha kutafuna.

"Ngoja," alisema.

Akanywa tena. Safari hii taratibu, macho yakiwa yamefumba. Dib aliyekuwa mlangoni na koleo akasimama.

"Hii ni namba ngapi?"

"Tatu," alisema baba kwa sauti ya msiba. "Ile uliyoiita maji ya komamanga."

"Haiwezekani."

"Mimi mwenyewe nilikumiminia."

"Imepata hewa, bwana!" Ami alisimama. "Ilikuwa imelala, sasa imeamka! Sikia, inaanza laini kama ile ya kwenye nyama mbichi, halafu inarudi na kusimama. Dib, njoo uonje! Hii mtu anaweza kula nayo kuanzia zeituni mpaka mfupa!"

"Nilikwambia miaka yote," baba alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikwambia inahitaji hewa."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo hata siku moja.

"Fungueni mfuko!"

Uzi ukakatwa. Chupa yetu ikatoka, na ile lebo niliyoichora mwenyewe, yenye mzabibu mmoja na jiwe. Baba aliibusu kama anavyobusu sanamu kanisani. Ami akamkumbatia, mkono mbovu na yote, baba akapiga yowe la maumivu na kicheko kwa pamoja.

"Dib! Kesho urudi kwenu. Mizabibu inabaki!"

Mizabibu inabaki. Nililisikia neno nililolisubiri majira yote ya baridi, nami nilikuwa nautazama mfuko namba moja.

"Rindala, mama, umepigwa na butwaa? Fungua nyingine, itie kwenye jagi ipate hewa, ulete."

*

Nilikwenda jikoni na chupa mpya ya divai yetu. Njiani nilichukua mfuko namba moja, nikauficha chini ya aproni kama mwizi.

Bibi alikuwa anaosha mnanaa.

Nilimimina yetu kwenye glasi, nikaonja na kipande cha nyama kilichobaki. Ilipotea mdomoni, kama Ami alivyosema. Nikaongeza ile ya kina Youakim kiasi kilekile.

Wasomaji wangu, sikutaka iwe nzuri. Nilisimama pale na glasi ya jikoni iliyopasuka ukingoni, na ilikuwa divai bora kuliko yoyote niliyowahi kuitengeneza. Yetu ilikuwa mbele, inanukia kama cheri. Yao nyuma, imeishika mgongo.

"Umenuna nini siku ya furaha?" bibi aliuliza.

Nilimsogelea sikioni nikamweleza. Alinisikiliza, maji yakimtiririka viganjani.

"Glasi ilikuwa imepungua," alisema mwishowe.

"Najua, Bibi."

"Ningeiacha vile?"

"Hapana, Bibi."

Alikausha mikono. Akaangalia dirishani, kule lilikokuwa trekta, kisha akaangalia chupa mbili mbele yangu.

"Zichanganye kwenye jagi. Peleka. Nani atajua?"

Nilizichanganya. Ndiyo, nilifanya. Nikapeleka jagi mezani kwa mikono miwili, Ami akamimina, akaonja, akapiga kifua.

"Hii ndiyo! Kuanzia Pasaka, hii kwenye kila meza. Mwaka huu, mwakani, mpaka nife!"

Mwakani. Nikajiona nimesimama usiku baada ya usiku nikichanganya kwa kificho divai ninunuayo dukani, nikijificha baba asinione. Nikamwangalia baba. Alikuwa anacheka kama kijana. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kumwangalia yeye. Nilikuwa naangalia sahani yangu.

Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote.

"Ami," nilisema. "Si yetu peke yake."

"Unasema?"

Baba aligeuka kunisaidia kama kawaida, lakini safari hii hata yeye hakunielewa. Nikasimama.

"Nasema hiyo si divai yetu peke yake! Nusu ni ya namba moja. Ile glasi iliyokupendeza pia ilikuwa imechanganyika. Mimi ndiye niliyechanganya."

Mkaa ulilia uani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Dib kuisikia sauti yangu.

"Muongo huyo!" Bibi alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. "Mimi ndiye niliyemimina. Nassif, uliacha glasi yako nusu, ukatoka mbio kama mtoto. Ulitaka nifanyeje?"

Ami alimtazama mama yake, kisha mimi, kisha jagi. Bibi akauleta mfuko wa kwanza kutoka jikoni, naye Ami polepole akauchana. Jina la Youakim likatokea mezani kwetu, jina ambalo hakuna aliyelitaja tangu nilipoivua pete.

Baba aliweka glasi yake chini. Furaha ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni.

"Basi imekwisha," alisema. "Hukuichagua yetu."

"Sikuichagua yenu," Ami alikubali. Akakaa. Akanywa tena, kwa hasira, lakini aliimaliza. "Wala sikuichagua yao. Nimeichagua hii. Na sasa mnataka nirudi kunywa zile nyingine?"

Akaisukuma mbele glasi tupu.

"Dib, usiondoke bado. Wala usiwashe bado." Akaelekeza kidole kwangu. "Mizabibu hii ina faida kwangu ikiwa tu nitaipata divai ya wale kwa ajili ya kuchanganya. Ya kutosha, siyo chupa za dukani. Mpigie yule kijana."

"Ami, siwezi."

"Umeweza kunipigia kelele mimi. Piga. Na weka sauti tuisikie wote, leo nimeshadanganywa vya kutosha."

*

Tangu tuchumbiane sikuwahi kumpigia Fares. Nilikuwa namwandikia tu. Naiogopa simu, yeye anajua.

Ilipoita, nilitamani isipokelewe.

"Rindala?" Sauti yake ilijaa chumba kizima. "Umepiga? Wewe?"

"Ni mimi."

"Wamekwisha kuing'oa?"

Hakuuliza habari ya pete. Aliuliza mizabibu. Bibi aliketi taratibu bila kuachia kitambaa.

"Bado," nilisema. "Fares, nahitaji divai yenu. Ile nyekundu ya dukani. Ikichanganywa na yetu, Ami anaitaka kwa mkahawa, na mizabibu inabaki. Bila hiyo, kesho wanaanza."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake, kama mtu aliyetafuta mahali pa kusemea.

"Baba ameuza yote," alisema. "Majuzi. Imekwenda bandarini, pipa baada ya pipa."

Baba alifumba macho. Dib akavua kofia yake, sijui kwa nini.

"Yote kabisa?" niliuliza.

"Zimebaki pipa mbili." Akasita. "Sikumruhusu aziguse. Nilisimama mbele yake, Rindala, nikamwambia hizo hapana. Nilichelewa kusimama, najua. Lakini kwa hizo nilisimama."

"Kwa nini hizo?"

"Ni zile tulizoziweka kwa harusi yetu."

Ami Nassif aliinama mbele, karibu kuimeza simu. "Pipa mbili zinatosha!" alinong'ona kwa nguvu. "Zinatosha kabisa! Mwambie nazichukua!"

"Nani huyo?" Fares aliuliza. "Mko wangapi hapo?"

"Wote," nilisema.

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Basi wasikie wote. Baba amekubali zibaki kwa sharti moja, na ameapa mbele ya mama. Haziuzwi, hazitolewi zawadi. Zinatoka nyumbani kwetu siku ya harusi yangu, au hazitoki kabisa. Nami bado pete ninayo."

Ami alianza kuhesabu kitu kwa vidole, akaishia njiani. "Kesho ni Kwaresima," alisema kwa unyonge. "Hakuna padre atakayefungisha ndoa mpaka Pasaka."

"Mimi hata uchumba ninakubali kama ahadi," Dib alisema. "Trekta linaweza kungoja ahadi. Si ndiyo, Baba Tanios?"

Ami alikuwa ananitazama. Baba naye, mkono wake mzima umeishika ile chupa yenye mzabibu na jiwe. Fares alikuwa bado kwenye simu, akingoja jibu langu.

Glasi yangu ilikuwa tupu mbele yangu. Bibi akanyanyuka, akachukua jagi, akaijaza mpaka juu.